Barabara Iliyomeza Watu

Matildah alisubiri mpaka shangazi yake alipoinama kupima chumvi, akajipenyeza nyuma ya magunia, akavuka barabara kati ya malori mawili yaliyokuwa yakipigiana honi. Ilikuwa siku ya samaki. Malori ya migodini yalikuwa yamejaa Nchelenge tangu asubuhi, maji ya barafu yakichuruzika kutoka kwenye mabodi yake, na baiskeli zilizobebeshwa matenga ya samaki wakavu zilikuwa zikipenya katikati kadiri zilivyoweza. Kila mtu alikuwa akipaza sauti kwa ajili ya shughuli yake. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtazama msichana aliyejifunika kitenge cha mama yake mpaka kwenye nyusi, na hilo ndilo alilolitaka.

Angeonekana, mambo yangeharibika. Jana yake, mbele ya wazee wa ukoo, baba yake alikuwa ametamka kwa ile sauti yake ya chini, sauti ya kumaliza maneno, kwamba binti huyo akikanyaga tena kwa mpiga picha atapelekwa Chienge kwa dada wa mama yake, na atakaa huko mpaka aolewe. Mama yake hakutia neno. Alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, macho ameyaelekeza ziwani. Tangu siku ile upepo wa kusini ulipovuma na mashua ya mwanawe Chalwe ikakosa kurudi kutoka kisiwa cha Kilwa, mle mle ziwani, mama yule alikuwa hali, hasemi, wala hajibu salamu.

Chalwe alikuwa mtoto wao wa kwanza. Kwa jina lake mama aliitwa Bana Chalwe na watu wote wa ufukoni. Baba yao, mzee Sampa, alikuwa fundi wa mashua na mzee wa kanisa, mtu aliyejulikana kwa kutosikiliza maneno ya uchawi. Lakini maneno ya safari hii yalikuwa yameingia mpaka ndani ya nyumba yake, na hakuyafukuza.

Watu walikuwa wanasema Chalwe ameliwa na picha.

Kibanda cha mpiga picha, Davison Nkonde, kilikuwa mwisho wa safu ya maduka, mahali barabara inapopinda kufuata ziwa. Dirisha lake moja lilikuwa limevunjwa, na jiwe lililolivunja lilikuwa bado sakafuni. Davison mwenyewe alikuwa amechuchumaa, anafunga mabamba yake ya kioo ya kupigia picha kwenye magazeti, moja moja, kama mtu anayevisha watoto. Aliponyanyua kichwa na kumwona, mikono yake ilisimama. Matildah aliona jinsi mashavu ya kijana yule yalivyoingia ndani, na jinsi macho yake yalivyoshindwa kumwacha.

“Toka dirishani,” Davison alisema. “Watakuona.”

“Unaondoka?”

“Wazee wamenipa mpaka lori la mwisho la leo. Dereva amekubali kunibeba mpaka Mufulira, kule migodini.”

“Ungeondoka bila kuniaga.”

“Ningekuaga, nisingeondoka.”

Walikuwa wakisema Kiswahili, kama kawaida yao. Davison alikuwa amekulia Elisabethville, upande wa Kongo, ambako baba yake, mtu wa Puta, alikwenda kutafuta kazi akafia huko, na Kibemba chake kilikuwa kizito kama cha mgeni. Matildah naye alikuwa amejifunza Kiswahili kwa kuwauzia chumvi na samaki wachuuzi wa ng'ambo. Ilikuwa lugha ya soko. Lakini tangu siku za kwanza aligundua kwamba mambo ambayo angeona haya kuyasema kwa lugha ya mama yake, kwa Kiswahili yalimtoka bila kujikwaa.

Davison alikuwa amefika mwaka uliopita, mwaka wa hamsini na tano, na sanduku la kamera, stendi ya miguu mitatu na chupa za dawa alizozipakata njia nzima. Kilichompatia riziki kilikuwa picha za watu waliokaa kitini: maharusi, makarani, akina mama na watoto waliopakwa mafuta. Ila kilichomnyima raha kilikuwa barabara. Alikuwa anataka kuipiga picha jinsi inavyokwenda, na si kugandisha lori moja hapa na baiskeli moja pale. Alitaka mwendo wenyewe, mchana kweupe. Alipouacha mlango wa kamera wazi kwa muda, jua la ziwa Mweru liliunguza bamba zima, ikabaki picha nyeupe kama shuka. Akapunguza tundu la kupitishia mwanga mpaka likawa kama tundu la sindano. Bado ikaungua. Mwishowe akapata kwa dereva mmoja kipande cha kioo cheusi, kile wanachovaa wachomeleaji wa chuma, akakibandika mbele ya lenzi kwa nta.

Matildah alikuwapo siku malori yalipogeuka ukungu kwenye picha kwa mara ya kwanza. Zaidi ya hapo, yeye ndiye aliyekuwa saa yake. Saa ya Davison ilikuwa mbovu, basi Matildah alikaa karibu na stendi akiimba polepole nyimbo za kanisani, na Davison alipima muda kwa nyimbo hizo: mbili kukiwa na jua kali, tatu kukiwa na mawingu. Katika kuimba huko, na katika kunyamaza baada ya kuimba, ndipo walipopendana. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Siku moja Davison alisahau kufunga kamera wimbo ulipokwisha, na Matildah akaendelea kuimba wa nne, na wote wawili wakajua.

“Nipe ile foto,” Matildah alisema sasa.

Davison alikuwa ameitoa ukutani. Aliichomoa kati ya mbao mbili, akampa bila kumgusa vidole.

Barabara ilikuwa tupu, imesafika, kana kwamba imefagiliwa kwa ajili ya harusi. Duka la chumvi lilionekana, na milingoti ya kuanikia nyavu, na ziwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Pale malori yalipokuwa yamepita palikuwa na moshi mwepesi tu juu ya ardhi. Na Matildah mwenyewe, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, alionekana wazi mpaka mikunjo ya kitenge chake. Peke yake. Chalwe alikuwa amepita mbele yake siku ile, akaenda na kurudi, na kurudi tena, wavu begani, akimkunjia uso ili acheke na kuharibu picha. Hakuwapo hata kivuli chake.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Chalwe mwenyewe alikuwa akiwaleta rafiki zake waone barabara aliyoyeyukia. Kisha upepo ukavuma, na kicheko kikageuka.

“Nieleze tena,” Matildah alisema. “Nieleze kama unamweleza mutu asiyekupenda.”

Davison alikaa kwenye sanduku. Alisema bamba linaona polepole, kama mgonjwa. Kitu kikitulia mbele yake, linakishika. Kitu kikipita, kinaondoka kabla hakijaliachia alama yoyote, na barabara iliyo nyuma yake inarudi kuonekana. Lori likipita, barabara inabaki. Baiskeli ikipita, barabara inabaki. Mwisho wa yote, kinachoonekana ni barabara.

“Na Chalwe?”

“Chalwe alikuwa anatembea.”

Matildah aliikunja midomo yake. Jambo alilokuwa amekuja nalo lilikuwa limemkaa kifuani kwa siku zote hizo, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

“Alitaka kukaa na mimi,” alisema. “Kwenye mtumbwi. Alisema, sogea, nami nitokee kwenye foto. Nikamkatalia. Nilimwambia atembee tu, asisimame.”

“Ulikuwa unanisaidia kazi.”

“Sikuwa nakusaidia kazi. Nilitaka ile foto iwe na mimi na wewe tu. Mimi ndani, wewe nyuma ya sanduku. Nilimfukuza kaka yangu, Davison, na sasa hayuko mahali popote.”

Davison alinyanyuka, akapiga hatua moja kwake, akasimama. Nje honi zililia, na mtu akatukana kwa Kibemba. Matildah alijifuta macho kwa upindo wa kitenge. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa kavu.

“Toa sanduku nje. Nitatembea mimi.”

“Hapana.”

“Nitapita barabarani pale pale alipopita yeye, mbele ya watu wote, na foto ikitoka sina sura ndani yake, mama yangu aniguse mkono aone kama nipo.”

“Hapana, Matildah.”

“Kwa nini? Umesema mwenyewe foto haili mutu.”

Davison alisogea, akasimama kati yake na kamera.

“Unaogopa,” Matildah alisema.

“Naogopa.”

“Basi hata wewe unaamini.”

“Siamini. Najua namna inavyofanya kazi, nimeosha mabamba tangu utoto wangu. Lakini ukiniambia nikufute wewe, mikono inakataa. Na lori je? Na ukijikwaa? Chochote kikikupata leo, hata homa, nitakaa maisha yangu yote nikijiuliza. Siwezi.”

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno la mapenzi lililomfika kama hilo, na Matildah alikuwa ameanza kumsogelea mlango uliposukumwa.

Alikuwa baba yake. Nyuma yake alisimama Bana Chalwe, peku, nguo ile ile ya siku zote zilizopita. Shangazi alikuwa amekwenda kuwaita.

Mzee Sampa hakupiga kelele. Alimshika Matildah mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ya mtu anayepinda mbao, akamwambia twende. Davison alimsalimu kwa kupiga magoti na kupiga makofi, kama mkwe anavyomsalimu mzee, na salamu ile ilimkasirisha Sampa kuliko matusi. Alimuuliza anamsalimu kama nani. Baba? Nani amempa ruhusa ya kumwita baba? Alimwambia kwamba alikuja hapa na kisanduku chake, akamsimamisha binti ya watu barabarani mbele ya madereva kama bidhaa, akamfanyia mzaha mwanawe mkubwa, na sasa mwanawe haonekani.

“Sisemi umeroga,” Sampa alisema. “Mimi ni mutu wa kanisa. Nasema tangu uje, nyumba yangu inapungua.”

“Ba Sampa, nimesikia. Naondoka leo.”

“Ondoka.”

Matildah hakusogea. Aligeuka kumtazama mama yake, akasema naye kwa Kibemba, polepole, kila neno mahali pake. Alisema yeye ndiye aliyemwambia Chalwe asisimame. Alisema kama kisanduku kile kinakula watu, basi kimle na yeye leo, mama akiona, ili wote wajue. Na kama hakili, atarudi nyumbani jioni hii kumpikia, na mama atakula.

Sampa alianza kusema kwamba hatakubali upuuzi huo, lakini mkewe alimtangulia. Sauti yake ilikuwa imekwama kwa kukaa kimya muda mrefu.

“Afungue,” Bana Chalwe alisema. “Nataka kuona.”

Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu upepo ule. Mkono wa Sampa uliteleza taratibu kutoka kiwikoni mwa binti yake.

Davison alitoa stendi nje kama mtu anayebeba jeneza. Akaikita pale pale pa siku ile, akafunika kichwa kwa kitambaa cheusi, akatazama, akaingiza bamba, akabandika kioo cheusi. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Wanawake waliwavuta watoto wao nyuma ya kamera. Matildah alishuka barabarani, akaufungua kitenge kichwani ili kila mtu amjue.

Davison alishika kifuniko cha lenzi. Alimtazama kwa muda ambao wote waliokuwapo waliuona kuwa mrefu.

“Fungua,” Matildah alimwambia.

Akafungua.

Matildah alianza kutembea. Alikwenda mpaka kwenye milingoti ya nyavu, akageuka, akarudi. Lori la barafu lilimpita kwa karibu, upepo wake ukampiga nguo miguuni. Hakukimbia wala hakusimama. Nyuma ya kamera alimsikia Davison akiimba wimbo wake kwa sauti ya kukwaruza, bila kupatia, kwa sababu leo hakuwa na mtu wa kumpimia muda. Aligeuka tena. Baiskeli zilimkwepa. Aliwaza kwamba hivi ndivyo Chalwe alivyotembea, na akaendelea.

Bana Chalwe alikuwa amesimama karibu na mume wake, mikono kichwani. Alitazama safari ya kwanza, na ya pili. Kisha akamwona binti yake, mtoto pekee aliyembakia, akipita mahali pale pale, kwa mwendo ule ule wa kaka yake. Kabla Sampa hajamshika, alikuwa ameshaingia barabarani.

Alimkamata Matildah katikati ya njia. Alimkumbatia kwa mikono yote miwili, kichwa chake kifuani mwake, na akabaki hapo. Matildah alijaribu kumvuta pembeni, akashindwa, ni kama kung'oa mlingoti. Mama yake alikuwa anamwita kwa jina lake la utoto, tena na tena. Matildah akaacha kuvuta. Akamshika naye. Wakasimama.

Malori yaliwapita kulia na kushoto. Kisha kutoka kwenye kona ya ziwa likatokea moja lililojaa, limelala upande kwa uzito, na utingo wake alikuwa juu ya mzigo akipunga mikono. Matildah aliliona juu ya bega la mama yake. Aliona pia kwamba halipunguzi mwendo.

Davison aliiacha kamera wazi. Hakuna aliyemwona alivyoanza. Waliona tu kofia yake chini na yeye yuko barabarani, anakimbia kuelekea lori, mikono juu, anapiga kelele kwa Kiswahili. Alikimbia mpaka alipokuwa kati ya lori na wanawake wale wawili, na hapo pia hakusimama, aliendelea kulikimbilia huku akipunga shati alilolivua. Dereva alikanyaga breki kwa miguu yote. Lori liliserereka, likapinda, likaingia kwenye mchanga wa ufuko na kuzima, matenga mawili yakamwagika. Davison alianguka kwenye vumbi kando ya gurudumu, akanyanyuka, magoti yanavuja damu. Hakumjibu dereva aliyekuwa akimtukana. Alirudi mbio kwenye kamera na kuifunika lenzi, na baada ya kuifunika akakaa chini.

Sampa alikuwa amewafikia wanawake wake. Aliwatoa barabarani, mmoja kila mkono.

Ilichukua muda. Davison alijifungia kwenye chumba chake cha giza, na watu walingoja nje, hawasemi sana. Lori la mwisho la Mufulira lilipiga honi mara tatu mbele ya kibanda, dereva akaangalia, akaondoka. Matildah alikaa kwenye kizingiti na mama yake, ambaye hakuwa amemwachia mkono. Jua lilikuwa limeanza kuelekea ng'ambo Davison alipotoka na picha juu ya ubao, bado inadondosha maji.

Hakumpa Sampa. Alipiga magoti, akaiweka mbele ya Bana Chalwe.

Barabara ilikuwa nyeupe na tupu kama ile ya kwanza, na ule moshi wa malori ulikuwa umelala juu yake. Lakini katikati ya moshi walikuwapo wanawake wawili. Hawakuwa wazi sana. Mlingoti wa nyuma ulionekana kupitia mabega yao, kama mtu anayeonekana nyuma ya neti. Ila walikuwa wao. Mikono ya mama ilionekana, na kichwa cha binti kifuani.

Bana Chalwe aliitazama mpaka watu wakaanza kukohoa. Aliweka kidole pale alipokuwa amesimama. Kisha akakisogeza pembeni, kwenye njia ambayo Matildah alikuwa amekwenda na kurudi mara nyingi mbele ya macho yake, na ambayo sasa haikuwa na kitu.

“Hapa alipita,” alisema.

“Alipita, Mayo,” Davison alisema, akimwita mama kwa lugha yake.

“Na hapa alisimama.”

“Ndiyo.”

Mama alimgusa Matildah shavuni, akamgusa na paji la uso, kama anavyopima homa.

“Kumbe mwanangu alikuwa anatembea tu,” alisema, na hapo, kwa mara ya kwanza, akalia.

Sampa alichukua ubao. Aliigeuza picha kwenye mwanga, akaitafuta kwa macho ya fundi anayetafuta ufa. Alitafuta kwa muda mrefu upande wa kona ya ziwa.

“Na wewe?” alimuuliza Davison. “Mbona sikuoni?”

“Nilikuwa nakimbia, Ba Sampa.”

Mzee alirudisha ubao polepole, na Matildah akaona kwamba alikuwa anayatazama magoti ya kijana yule, damu iliyochanganyika na vumbi.

Mashua mbili kutoka Kilwa zilitia nanga saa ile ile. Watu wa ufukoni walijua ni msiba kabla hazijafika, kwa sababu wapiga makasia hawakuwa wanaimba. Katika ya kwanza alikuwapo Mwewa, mkubwa wa kambi ya wavuvi kisiwani, na miguuni pake palikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwenye tanga. Ya pili ilikuwa inaongozwa bila mzigo. Ilikuwa mashua ya Chalwe.

Mwewa alieleza maneno machache. Walimkuta kwenye matete upande wa magharibi wa kisiwa. Walingoja upepo utulie ili wamlete kwao, wasimzike ugenini.

Sampa hakwenda kwanza kwa mwanawe. Alikwenda kwenye mashua tupu. Aliinama, akapitisha viganja kwenye kila ungio la mbao alizozipiga kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia omo mpaka tezi. Mwewa alimfuata.

“Ni nzima, Ba Sampa,” alimwambia kwa upole. “Hakuna ubao uliofunguka. Ni upepo tu ulioipindua.”

Mzee aliushika ukingo wa mashua kwa mikono miwili. Mabega yake yalianza kutikisika, na Matildah, aliyekuwa amesimama majini mpaka magotini, akaelewa kwa nini baba yake, mtu asiyeamini uchawi, aliyaacha maneno ya watu yaingie nyumbani mwake: yalikuwa mepesi kuliko kuishuku mashua aliyoiunda mwenyewe. Alimwendea, akamshika mgongo. Walilia pamoja hapo, mbele ya watu wote.

Jioni ilipofika uwanja wa Sampa ulikuwa umejaa. Wanawake waliingia ndani na Bana Chalwe, wanaume walikaa nje kuzunguka mahali pa moto ambao haujawashwa. Davison alikuwa amekuja, lakini hakujua mahali pake. Hakuwa ndugu, hakuwa wa kanisa lile, na siku ile ile alikuwa amefukuzwa. Alisimama nje ya ua wa matete, amejifunga kitambaa magotini. Kupitia mlango Matildah aliweza kumwona. Walitazamana mara moja tu, na wote wawili wakageuza macho, kwa kuwa haikuwa saa ya mambo hayo.

Kisha alimwona baba yake akinyanyuka kati ya wanaume. Sampa aliingia kwenye kibanda cha ufundi, akatoka na shoka. Mazungumzo yakakatika. Alitembea mpaka kwenye ua, akasimama mbele ya Davison, akamnyoshea mpini.

“Kuni za msiba kwetu wanakata wakwe,” alisema. “Mimi sina mwingine.”

Davison alilitazama shoka, akamtazama mzee.

“Ba Sampa, mimi bado sijaja kwenu na mshenga.”

“Utakuja. Sasa watu wana baridi.”

Alilipokea kwa mikono miwili, akipiga magoti yale yale yaliyoumia.

Ndani, Matildah alirudi kukaa kwenye mkeka. Mama yake alimwegemea begani. Wanawake walikuwa wameanza wimbo wa maombolezo, na chini ya sauti zao ukasikika mlio wa shoka kutoka miti ya nyuma ya nyumba, pigo moja, kimya, pigo jingine, wa mtu asiyezoea kazi hiyo lakini hataki kuiacha.

“Nani anakata?” Bana Chalwe aliuliza.



“Ni Davison, Mayo.”

Mama alisikiliza kidogo, macho yamefumba. Kisha akaunyanyua mkono wake kutoka kwenye mkono wa binti yake, ambao tangu barabarani hakutaka kuuachia.

“Mpelekee maji,” alisema.